Kijarida cha Kurasa 16: Karatasi Nne, Gundi na Pini Mbili

Muziki usiochezwa redioni unahitaji karatasi. Ukitaka kuandika kuhusu ohangla, muziki wa Waluo, rapu ya mtaa wa Kondele, Kisumu, au bendi ya roki inayofanya mazoezi kwenye chumba cha mabati, huna haja ya kumsubiri mhariri. Mashine ya fotokopi iko karibu na kila ofisi ya serikali, na kijarida chote kinatoka kwenye karatasi nne za A4.

Wengi hudhani kazi hii ilianza na panki, roki ya fujo ya miaka ya 1970. La. Mwaka 1930 mashabiki wa hadithi za kisayansi kule Chicago walitoa The Comet, na neno "fanzine", yaani kijarida cha mashabiki, lilibuniwa mwaka 1940 na shabiki mwenzao, Russ Chauvenet. Mashine yao ilikuwa sayklostaili, ndugu wa ile iliyotoa mitihani katika shule zetu: unatoa utepe wa taipureta, herufi zinakata stensili ya nta, kisha wino unapenya kwenye matundu. Fotokopi ilipoenea maofisini, stensili ikaachwa. Julai 1976, London, Mark Perry alitoa kijarida cha panki, Sniffin' Glue, kwa taipureta na kalamu nene, nakala 50 za kwanza. Januari 1977 bendi ya panki ya Uingereza, Buzzcocks, wakatoa wenyewe santuri yao, Spiral Scratch, nakala 1,000.

Huku kwetu, kutoa santuri mwenyewe hakukuwa jambo geni. Miaka hiyohiyo ya 1970 Phares Oluoch Kanindo alikuwa na lebo yake, POK, na benga ilifika mbali hata Zimbabwe wakaiita "kanindo". Na mwaka 1982 gazeti la Pambana lilipita mikononi mwa Wakenya kwa siri. Anayesema utamaduni huu umetoka Ulaya hajatazama nyumbani.

Sasa kazi. Kunja karatasi nne tupu katikati, ziingize moja ndani ya nyingine, halafu andika namba za kurasa kwa penseli kuanzia 1 hadi 16. Zifungue. Utaona kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi daima zinajumlika kuwa 17. Karatasi ya nje ina 16 kushoto na 1 kulia, na nyuma yake 2 na 15. Inayofuata ni 14 na 3, nyuma 4 na 13. Kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya katikati ni 10 na 7, nyuma 8 na 9. Hapa ndipo vijarida vingi huharibika, kwa hiyo usibandike kitu kabla ya kuwa na mfano huu mezani.

Bandika vipande vya maandishi na picha kwenye karatasi nyingine zisizokunjwa, ukifuata mfano huo, kwa gundi ya kijiti. Gundi ya maji huvimbisha karatasi, na kila uvimbe unatoa kivuli kwenye nakala. Kingo za vipande zikitoa mistari, zipake kareksheni, ikauke kabisa, ndipo upeleke dukani. Acha sentimita moja tupu pande zote kwa sababu mashine haifiki ukingoni. Picha za shoo za usiku hugeuka doa jeusi tupu: ongeza mwanga, kisha zigeuze ziwe za vitone kwa programu ya simu. Eneo kubwa jeusi nalo hutoka na michirizi tona, yaani wino wa unga wa mashine, ikipungua, basi liepuke.

Mwambie mhudumu achape pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Asipofanya hivyo, kurasa za nyuma zitasimama kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize 50. Hizo ni karatasi 200, chini ya nusu ya rimu. Ukija na rimu yako, usiifungue mapema: unyevu wa Ziwa Viktoria huingia kwenye karatasi, inajikunja na kukwama ndani ya mashine.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Tandaza kijarida juu ya patipati kuukuu, kava ikitazama juu. Fungua stepla iwe wazi, igonge moja kwa moja kwenye mstari wa mkunjo ili miguu ya pini izame kwenye mpira, kisha inua polepole na uilaze miguu hiyo kwa mgongo wa kijiko. Pini mbili, kila moja sentimita tano kutoka ukingoni. Ukipiga nje ya mstari, kijarida hakitafunguka vizuri. Ukikikunja tena, kurasa za ndani zitachomoza kidogo. Zikate kwa wembe na rula ya chuma.

Karatasi za asili ulizobandika rudi nazo nyumbani, uziweke kwenye faili bila kuzikunja. Toleo likiisha, chapa tena kutoka kwa hizo. Ukitoa nakala kutoka kwa nakala, maandishi madogo huanza kuziba mapema sana, herufi "e" na "a" zikitangulia.