Siku nzima na kasuku wa Lwiro

Saa 11 alfajiri. Bukavu bado giza, na mimi nakagua betri za kinasa sauti huku chai ikipoa mezani. Natayarisha vipindi vya Kiswahili redioni. Leo naenda Lwiro, kwenye kituo cha wanyama waliookolewa, na mhariri ameniagiza jambo moja tu: "Tuletee kasuku anayeongea." Agizo nimelipokea, ila halijanikaa moyoni.

Saa 12 na nusu. Teksi ya kuelekea Katana imejaa hadi mlangoni. Ziwa Kivu linajitokeza upande wa kulia kila tukipanda kilima. Tunapita Mudaka, kisha Miti, ambako njia ya kwenda hifadhi ya Kahuzi-Biega inakatia kushoto, halafu Kavumu na uwanja wake wa ndege. Ni kama kilomita 45 tu, lakini kwa barabara hii unazihesabu moja moja. Kipande cha mwisho nakipanda kwa pikipiki.

Saa 2. Lwiro ina majengo makubwa ambayo Wabelgiji waliyajengea taasisi yao ya utafiti, na leo ni makao ya kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Mwaka 2002 CRSN na ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi za taifa za Kongo, zilianzisha hapa makao ya sokwe na tumbili walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Ila mtu anayesafirisha mtoto wa sokwe kwa siri hashindwi kusafirisha kasuku, na ndivyo ndege nao walivyopata nafasi yao hapa.

Mama anayewalea ananipokea kwa mkono wa salamu na ndoo ya dawa. "Karibu, mwanangu. Viatu kwanza." Nachovya soli, nanawa, navaa barakoa. Barakoa si mapambo: kasuku wanaweza kubeba bakteria wanaoshambulia mapafu ya binadamu, na sisi nasi tunaweza kuhamisha virusi vya manyoya na mdomo kutoka ndege mgonjwa kwenda kwa mzima. Ndiyo maana ndege wageni wote huanzia karantini, hata wakionekana na afya.

Saa 2 na nusu, karantini. Haijapita dakika, sauti ya mzee inatoka kwenye kona: "Bonjour, Mama!" Nageuka kumtafuta mzee. Ni kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, macho ya njano iliyopauka, kumaanisha ni mtu mzima, kwa sababu kinda huwa na jicho jeusi. Anarudia, safari hii na kikohozi cha mzee kikiwa ndani yake. Kinasa sauti kinafanya kazi. Mhariri angefurahi.

Mama hamjibu. Anabadilisha maji kimya kimya na kwenda tundu la pili. Tukitoka nje namuuliza kwa nini.

"Nikimjibu, mwanangu, nitakuwa kundi lake. Kundi lake liko kule," anasema, akionyesha tundu kubwa upande wa pili wa ua.

Hapo ndipo nilipopata kipindi changu. Kasuku wa kijivu hulala kwa makundi, mara nyingine mamia kwenye mti mmoja, na ndani ya kundi hujifunza sauti za wenzake. Watafiti waliorekodi kasuku wawili wa porini hapa kwetu, nchi ilipoitwa Zaire, walipata zaidi ya sauti 200 tofauti, na kati ya hizo zilikuwemo za ndege wa aina tisa wengine na za popo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1993. Kumbe kipaji tunachokisifia sebuleni kilikuwa na kazi yake msituni kabla ya mtu yeyote kusema bonjour. Anayejifunza kikohozi cha mzee amefanya hivyo kwa sababu mzee ndiye kiumbe pekee aliyekuwa karibu naye.

Saa 4. Ukaguzi wa mabawa. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Mama anamfunika ndege kwa taulo, msaidizi anamshika kichwa, bawa linakunjuliwa taratibu. Badala ya manyoya marefu ya kurukia kuna vishina tu, vimekatwa kwa mkasi. Kwenye tumbo kuna mabaka ya gundi iliyokauka na uchafu uliogandia humo. Mtegaji hufunga kasuku mmoja juu ya mti kama chambo na kupaka gundi matawi yaliyomzunguka. Aliyefungwa anaita. Wenzake wanasikia na kumjia, kwa sababu ndivyo walivyo, hawamwachi mwenzao akilia. Wito huohuo ndio unaowamaliza.

Bawa lililokatwa haliponi kama jeraha. Unyoya uliokwisha kukua ni kitu kikavu, hauongezeki tena. Kishina lazima kianguke chenyewe wakati wa kunyonyoka, ndipo mpya uote. Kwa kasuku hilo huenda kidogo kidogo, na bawa kamili linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Mkasi ulitumia dakika moja. Nimeona watu wakikasirika kwamba ndege waliookolewa hawaachiwi mara moja. Kumwachia huyu leo ni kumtupa chini apate kuliwa.

Saa 5 na nusu, jikoni. Papai, karoti, mahindi mabichi, maharage yaliyochemshwa, na chikichi, chakula wanachokipenda kuliko vyote msituni. Wafugaji wengi huwapa alizeti peke yake, nayo ni mafuta mengi na vitamini kidogo. Parachichi haliingii humu kabisa, ingawa Kivu yetu imejaa parachichi: kwa kasuku ni sumu.

Saa 7. Bugali na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, haraka haraka.

Saa 8. Tundu kubwa. Tunasimama mbali na hakuna anayezungumza. Ndege wanaojiandaa kurudi porini hawatakiwi kuzoea sauti zetu. Wengine wanaruka kutoka ncha hadi ncha, wengine bado wanaanguka katikati na kupanda wavu kwa mdomo na miguu. Kijana mmoja, jicho bado jeusi, anajaribu, anashuka, anajaribu tena. Mwenye bawa zima, kifua chenye nguvu na vipimo safi ndiye anayefikiriwa kuachiwa, tena pamoja na wenzake, mahali penye miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia.

Nawaza idadi. Tangu mwaka 1975 zaidi ya kasuku milioni moja wa kijivu walisafirishwa nje ya Afrika kihalali, bila kuhesabu waliokufa njiani. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ukawaingiza kwenye orodha ya kwanza, yenye ulinzi mkali kuliko zote, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa. Uamuzi ulikuwa sahihi na ulichelewa sana. Kule Ghana, ambako zamani walikuwa wengi, wamebaki wachache mno.

Saa 9 na nusu. Jua linalegea na miluzi inaanza. Mmoja anaita, watatu wanajibu, kisha tundu zima. Mrefu, mfupi, mkwaruzo, tone kama la maji. Namrekodi kila mmoja nikisikia utamu hadi mgongoni. Mama ananigusa bega: pikipiki imefika, na barabara hii si ya kusafiria usiku.

Saa 2 usiku, studio. Mhariri anasikiliza mara mbili na kutaka "Bonjour, Mama" iwe mwanzoni. Nakataa, tunabishana, namwekea tena sauti ya Mama akieleza habari za mkasi, kisha miluzi ya jioni. Anakubali. Kipindi kinaanza na kundi. Mzee wa kikohozi yuko dakika ya tisa, na baada yake tu yanakuja maelezo kwa mwenye kasuku nyumbani: usimfungulie dirisha, aliyekatwa mabawa hafiki hata mti wa jirani, wasiliana na ICCN, na mpaka waje, mpe papai na maji safi.