Kuisuka upya pikipiki ya Kichina nyumbani, anza na usichokiona

Wengi wakiamua kuisuka upya pikipiki nyumbani cha kwanza wanachowaza ni rangi, siti na taa, baada ya muda pikipiki inang'aa kweli ila ukiipanda usukani unakwama katikati na injini inagonga vilevile. Mi nasema rangi iwe ya mwisho kabisa. Niliyoisuka mimi ni toyo ya Kichina ya kawaida, cc 125, ilishapiga sana kazi ya boda hapa Morogoro hadi mwenyewe akaichoka akaniuzia, na nilikua naitaka kwa ajili ya kitu kimoja tu, kupanda nayo Mgeta kule milimani.

Nilichagua hiyo sababu ya injini. Toyo nyingi za Kichina injini zake asili yake ni Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo Wajapani waliibuni makusudi kwa nchi kama zetu mana waliona watu wanaendesha tu bila kubadili oili kwa wakati, kwahiyo wakaachana na kemshafti (shafti inayofungua valvu) ya juu na cheni yake ya taimingi, wakaiweka chini ndani ya injini inazungushwa na gia, alafu fito mbili ndo zinasukuma valvu kule juu. Maana yake ukiwa nyumbani unatoa kichwa kwa spana za kawaida na taimingi haiguswi. Angalia namba ya injini, ikiandikwa 156FMI hiyo 56 ni upana wa silinda kwa milimita (kamili ni 56.5), na ukikuta 162FMJ ujue ni cc 150, upana wake 62. Spea zipo kila duka, ukikosa Moro unaagiza Gerezani pale Kariakoo inakuja na basi.

Sasa kuna sehemu moja nawaomba sana muifungue. Hizi injini hazina filta ya oili ya karatasi, kuna wavu mdogo alafu kuna kikombe kwenye ncha ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), upande wa kulia, ndani ya kava ya klachi. Kile kikombe kinazunguka na krenki, uchafu wa kwenye oili unatupwa pembeni unaganda humo humo, na ukimwaga oili hautoki hata ubadili kila wiki. Nilipotoa skrubu tatu za kifuniko chake nikakuta tope jeusi zito limeshika ukuta mzima, nalikwangua kwa bisibisi linatoka vipande vipande, ukilisugua kwenye vidole unasikia kabisa chembe za chuma. Boda ngapi zinazunguka mjini zina hali hiyo na tajiri anaamini oili ipo safi kwasababu jana kaweka mpya!

Ukimaliza hapo panga tapeti, yani ule uwazi mdogo kati ya roka (vile vidole vinavyobonyeza valvu) na valvu. Injini iwe ya baridi, pistoni iwe juu kwenye kubana, alama ya T ya kwenye sumaku ikae sawa na alama ya kava, na roka zote mbili ziwe zinacheza kidogo. Injini ya CG inataka uwazi wa 0.08 mm. Mafundi wengi wanapima kwa kutikisa na kidole, mi siafiki, fila, yale mabati membamba ya kupimia uwazi, ni kitu cha bei ndogo na utakaa nayo miaka.

Usukani nao. Kuna fundi mzee mtaani kwetu alipita akakuta nimeinua gurudumu la mbele, akaniambia "zungusha taratibu mwanangu, usitumie nguvu, sikiliza mkono". Kweli bwana, ukifika katikati unaingia kama gurudumu kwenye shimo. Bakuli za gololi zilikua zimeshachimbika, na hapo kuongeza grisi hakusaidii kitu, ni kubadili bakuli na gololi zote juu na chini. Bushi za mkono wa nyuma hivyo hivyo, shika tairi la nyuma ulivute kulia na kushoto, likicheza zimekwisha.

Kuhusu kukata fremu. Naona vijana wengi wanataka ule mtindo wa siti fupi, wanakata nyuma kote hadi wanaingia mbele ya pale shokapu zinaposhika. Usifanye hivyo, uzito wako wote unabebwa hapo. Mimi nimekata mkia tu, nyuma ya shokapu, nikachomelea bomba la nusu duara kuziba. Kabla ya kuchomelea toa betri na CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi), na tenki lipeleke mbali hata kama ni tupu mana mvuke wa petroli ndo unaolipuka, sio petroli yenyewe. Kutu ya ndani ya tenki niliilowesha kwa siki, nikasuuza na maji ya magadi, nikakausha haraka nikaweka wese siku hiyohiyo.

Sproketi ya mbele wengi wanashauri meno 15 ili ikimbie, mi nimeweka 14. Ile barabara ukishapita Mlali unaanza kupanda milima na spidi haina kazi huko, unataka injini ivute ukiwa na mzigo wa mboga nyuma. Tairi nimefunga za kashata kubwa.

Rangi nimepaka kijani isiyong'aa, msasa, praima, basi. Ila kumbuka kadi ina rangi na namba ya injini, ukibadili kimojawapo nenda TRA wairekebishe, usisubiri trafiki akuelekeze barabarani.

Imebaki taa ya mbele. Kwenye hii yangu inakula umeme moja kwa moja toka kwenye koili ya sumaku, haipiti betri, kwahiyo ukipunguza mafuta kwenye kona nayo inafifia, na kushuka Mgeta usiku hapo ndo unapoihitaji zaidi. Nataka niihamishie kwenye betri lakini kwanza lazima nibadili rejeta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) iweze kuchaji vizuri. Kama umeshafanya hiyo kazi kwenye 156FMI niambie ulitumia rejeta gani na waya gani uliugusa.