Likizo ya familia Unguja: anza na maji, hoteli baadaye

Familia nyingi zinazopanga kwenda Unguja huchagua hoteli kwa picha, kisha tarehe kwa likizo ya shule, na bahari yenyewe haiulizwi kabisa. Matokeo yake watoto wanafika Paje, pwani ya mashariki, saa nne asubuhi na maboya yao mikononi, wanakuta mchanga mtupu na maji yako kule kwenye mwamba wa matumbawe, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hoteli haikudanganya, ila picha ilipigwa maji yamejaa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Jambo linalomsaidia mpangaji ni kwamba bamvua ya hapa ina saa zake. Maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume: yanakuwa juu karibu na saa nne au saa tano asubuhi na chini jioni.

Chukua Desemba 2026. Mwezi mpevu ni tarehe 24. Kwa hiyo Krismasi na siku mbili baada yake, watu wa Paje, Bwejuu na Jambiani wataogelea kuanzia saa nane mchana hadi jua linapotua, na asubuhi watatembea. Tarehe 30 na 31, maji mafu, asubuhi ndiyo ya kuogelea. Ukishajua hilo, safari ya Msitu wa Jozani kuona kima punju unaiweka asubuhi ya bamvua, wakati ambao hata hivyo pwani hakuna maji. Jozani iko kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Paje, kwa hiyo inafaa hata siku ya kufika.

Je, pwani ipi? Anayetaka watoto waoge saa yoyote aende Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini kabisa, ambako maji hayaendi mbali. Lakini kina kinaanza mapema, na boti zinaingia na kutoka karibu na waogeaji. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ningechagua Jambiani bila kusita: maji yakipwa, vidimbwi vinabaki vyenye maji ya magotini, vuguvugu, na vimejaa kaa na samaki wadogo. Paje ni nzuri pia, ila upepo ukivuma kunajaa kaiti za kuteleza majini. Kamba zake zimekazwa na zinakata, basi msiogelee mbele ya wanaorusha; sogeeni kusini.

Matembezi ya kwenda kwenye mwamba ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote. Maji hayarudi kwa kuja mbele yako tu. Yanajaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufukwe, na mkubwa anayevuka kiunoni amemshika mtoto asiyeweza kuvuka. Kanuni: tokeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa ile ya kupwa muwe tayari mmegeuka. Njiani kuna mashamba ya mwani, vijiti na kamba za akina mama. Pitieni pembeni, mtoto asivute kamba. Ni mazao ya watu.

Kila mmoja avae viatu vya mpira vyenye soli ngumu, siyo ndala. Wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hukaa kwenye mawe na majani ya bahari, na miiba yao hukatikia ndani ya nyayo. Ikitokea, toa kwa kibano ile inayoonekana, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa nusu saa au zaidi. Mkubwa ayapime kwanza kwa mkono wake. Usichimbue kwa sindano. Mwiba uliozama au ulio karibu na kiungo upelekwe kituo cha afya.

Likizo ya Juni huangukia kusi, majira ya upepo wa kusini. Hewa ni ya kupendeza na mvua ya masika imekwisha, lakini upepo unapiga pwani ya mashariki moja kwa moja, bahari inachafuka na majani ya bahari yanarundikana ufukweni. Msimu huo kaskazini magharibi kuna utulivu zaidi. Kivuko kutoka Dar es Salaam ni saa mbili hivi, na kusi huwatapisha watoto: kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma, mle chakula kikavu kidogo saa moja kabla, wala msiwape simu waangalie. Kata tiketi kwenye ofisi ya kampuni au mtandaoni, siyo kwa papasi, wale madalali wa bandarini. Safari ikiahirishwa kwa upepo, kubali. Kivuko cha MV Skagit kilizama karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 2012, katikati ya kusi. Kwa sababu hiyo, mwenye ndege ya kurudi nyumbani arudi Dar siku moja kabla.

Kabla ya kulipa hoteli, piga simu uulize: bwawa lina kina gani upande wa watoto, na lina uzio? Kitanda cha tatu ni kitanda kweli au godoro la chini? Vyandarua vipo? Tozo za kila usiku zimo kwenye bei au zinadaiwa mapokezi? Na kwa safari ya boti ya kisiwa cha Mnemba, uliza kama yapo majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto. La mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akiingia majini, kwa hiyo wakisema "yapo" bila kutaja saizi, omba wakutumie picha.