Kifuko Kikubwa Kilinitisha, Kumbe cha Kuangaliwa Kilikuwa Kile Kidogo

Nilipigwa altrasaundi kwa ajili ya maumivu ya mgongo, nikarudi na habari za figo. Karatasi ilisema figo ya kushoto ina kifuko cha maji cha sentimita 7, na chini yake kingine cha sentimita 2. Daktari wa kwanza aliizungushia kalamu nyekundu ile 7 akaniambia nijiandae, figo itolewe mapema. Ile 2 hakuitaja.

Wiki hiyo kila mtu alikuwa na dawa yake. Shemeji yangu alinishika mkono: "Shemeji, usikubali kupasuliwa. Kunywa maji mengi, kitatoka na mkojo." Alisema kwa upendo, lakini kifuko cha namna hii kimejifunga pande zote, hakina njia ya kuingia kwenye mkojo. Mwingine, mhudumu wa afya huyo, alishauri maji yanyonywe kwa sindano. Nashukuru sikukubali. Kifuko cha kawaida kikinyonywa mara nyingi hujaa tena, na kama kuna saratani ukutani, maji yaliyonyonywa yanaweza kupimwa yakaonekana safi, ukarudi nyumbani umetulia bure.

Kilichoniuma ni kwamba wote walikuwa wanazungumzia ukubwa. Mpangilio unaotumika kupima hatari ya vifuko vya figo ulianzishwa mwaka 1986 na Morton Bosniak, daktari wa radiolojia wa Marekani, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, na ukubwa wa kifuko haumo. Wanachotazama ni unene wa ukuta, idadi ya viambaza vinavyokigawa ndani, na kama kuna kinundu kinachonyonya dawa ya kung'arisha picha. Vifuko vya kawaida ni vingi mno kwa watu waliovuka miaka 50, na wengi huishi navyo bila kujua.

Kosa langu kubwa lilikuwa kukubali CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande) bila dawa hiyo ya kung'arisha. Niliambiwa ni rahisi zaidi na inamalizika haraka, nami nilikuwa nahesabu pesa. Jibu lilikuja na namba mbili: kikubwa 6, kidogo 38. Hivi ni vipimo vya Hounsfield, vilivyopewa jina la mhandisi Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa mashine hiyo. Maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri. Kwa hiyo kile kikubwa kilikuwa kimejaa kitu kinachofanana na maji kabisa. Ile 38 ndiyo iliyoninyima usingizi. Kati ya 20 na 70, picha isiyo na dawa haiwezi kukwambia kama ni majimaji mazito yenye protini, damu ya zamani, au nyama inayokua. Nililipia kipimo kizima nikabaki na swali lilelile, tena likiwa limehama kutoka kwenye kifuko kikubwa kwenda kwenye kile ambacho hakuna aliyekizungushia kalamu.

Nikarudia, safari hii kwa dawa. (Kreatinini, kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi, ipimwe kwanza, wao wenyewe watakwambia.) Siri ni kwamba picha za kabla ya dawa na za baada ya dawa lazima zipigwe zote, kwa sababu kinachotafutwa ni tofauti. Namba ikipanda kwa 20 au zaidi, hapo kuna kitu kinacholishwa na damu. Nilimwambia fundi wa mashine waziwazi kwamba nataka picha za kabla na za baada zilinganishwe, naye akanielekeza nizuie pumzi kwa namna ileile kila mara ili figo isihame. Majimaji ya kifuko kidogo yalitoka 38 yakaenda 41. Nilipumua.

Lakini ripoti haikuandika daraja la Bosniak. Ilisema tu "kifuko chenye viambaza, ushauri wa daktari." Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalojivunia mpaka leo: nilichukua diski yenye picha zote, za kwanza na za pili, nikaenda kwa daktari wa radiolojia mwingine nikamwomba jambo moja tu. "Daktari, naomba unihesabie viambaza." Akavuta kiti, akaanza kusogeza picha moja baada ya nyingine huku akionyesha kwa ncha ya kalamu. Kimoja. Viwili vilikuwa vimeshikana, akarudi nyuma kuhakikisha. Vitatu. Vinne. Kimoja kilikuwa kimejificha pembeni. Jumla vitano, vyote laini, hakuna kilichozidi milimita 2, vikinyonya dawa kidogo, na hakuna kinundu popote.

Kuhesabu kule ndiko kulikoamua kila kitu. Viambaza vyembamba kimoja hadi vitatu ni daraja la II, unaachwa. Vinne au zaidi ni IIF, ambapo F ni ya kufuatiliwa: vichache tu, chini ya kimoja kati ya kumi hivi, huwa na saratani. Kingekuwa na ukuta mnene wa milimita 4 ningekuwa III, ambako karibu nusu huwa saratani; chenye kinundu kinachonyonya dawa ni IV, tisa kati ya kumi hivi. Hao wa III na IV ndio wanaozungumziwa upasuaji, na hata hapo mara nyingi hukatwa sehemu yenye ugonjwa, figo ikabaki. Kile cha sentimita 7 kilichozungushiwa kalamu nyekundu? Daraja la I. Hakihitaji hata kurudiwa kupigwa picha, labda kama kitaanza kunibana.

Kile kidogo hufuatiliwa baada ya miezi 6, kisha miezi 12, kisha kila mwaka hadi itimie miaka 5. Nimeshapita miaka miwili ya mwanzo. Kila nikienda nabeba diski za zamani, maana ripoti ya mdomo haiwezi kulinganishwa na picha, na kila mara naomba vihesabiwe tena. Mara ya mwisho vilikuwa vitano.