Mtoto wa Via Nomentana

Katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, ile ndefu ambayo paroko wetu aliisali siku za sikukuu kubwa, hutajwa wanawake saba kwa mfululizo: Felisita, Perpetua, Agatha, Lusia, Agnes, Sesilia, Anastasia. Nilikua nikiyasikia majina hayo. Kichwani mwangu wote walikuwa kina mama, wamefunga vitenge vya sare kama WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wa parokia yetu, wamejaa benchi la mbele. Kwamba mmoja wao, Agnes, alikuwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi, hilo lilinifikia Roma nilikokwenda kusoma, tarehe 21 Januari, sikukuu yake, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za kanisa lake.

Aliyenipeleka ni Sista mmoja wa kwetu Songea. "Tumsifu Yesu Kristo," aliniamkua kituoni. "Milele amina, Sista." Akanitazama viatu. "Afadhali umevaa vya chini. Tunateremka."

Kweli tuliteremka. Kanisa la Mtakatifu Agnes liko nje ya kuta za kale za mji, kando ya barabara ya Via Nomentana, na ukitokea barabarani unaingia kwa kushuka ngazi pana, kwa sababu Papa Honorio wa I alipolijenga upya karne ya 7 aliifuata altare kule kaburi liliko, chini, penye makatakombe, yale makaburi ya chini ya ardhi. Kuta za ngazi zimepachikwa vipande vya mawe ya makaburi ya Wakristo wa kwanza. Watu walikuwa wanatupita kuwahi Misa. Sista akasimama mbele ya bamba moja la marumaru lenye herufi kali, nzuri, kama zimechongwa juzi.

"Hili ni la Papa Damaso," akasema. Damaso alikuwa Papa kuanzia mwaka 366 hadi 384, na alizunguka makaburi ya mashahidi, waliouawa kwa ajili ya imani, akiwaandikia tenzi. Bamba hili liliwahi kugeuzwa jiwe la sakafu, uso wake ukilala chini, ndiyo maana maandishi yamenusurika. Sista, aliyekuwa akijifunza Kilatini, alinifasiria polepole, kidole chake kikifuata mistari bila kuigusa: tarumbeta ilipolia, binti aliondoka mapajani mwa yaya wake, akazikanyaga hasira za mfalme, walipotaka kumchoma moto, akaufunika mwili wake kwa nywele zake mwenyewe, mtu asiione hekalu ya Bwana.

"Mapajani mwa yaya?" nikauliza. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mtakatifu Ambrosi anasema kumi na miwili, mwanangu."

Ambrosi, askofu wa Milano, aliandika hayo mwaka 377. Anauliza kama katika mwili mdogo vile palikuwa na mahali pa kutia jeraha. Anasema pingu zote zililegea mikononi mwake, hakuna iliyomtosha. Sista aliponieleza hilo nilijikuta nimeshika kifundo changu cha mkono. Niliwafikiria watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, niliowafundisha nyumbani, wale wa darasa la sita, mikono yao jinsi ilivyo myembamba wanapoinyoosha kujibu swali. Nililia pale pale, na Sista akaniacha nilie.

Ndani, juu nyuma ya altare, Agnes wa mozaiki, picha ya vijiwe vya rangi, amevaa kama malkia, vito shingoni, upanga na moto miguuni pake. Ni kazi tukufu. Lakini naona wachoraji wengi wamemkuza mno, wakampa umri ambao hakuupata. Damaso na Ambrosi, waliomkaribia zaidi kwa miaka, walimwacha awe mtoto.

Kisha wakaletwa wanakondoo kubarikiwa. Wawili, kila mmoja kwenye kikapu chake, mmoja na maua meupe ya ubikira, mwingine na mekundu ya kifodini, yaani kufa kwa ajili ya imani. Walipita karibu nasi kiasi cha kuona sikio la mmoja likitetemeka. Alipiga kelele padre akiwa katikati ya sala, na hakuna aliyemnyamazisha. Sufu ya wanakondoo hawa hufumwa Palio Takatifu, ule ukanda mweupe wenye misalaba myeusi wanaopewa maaskofu wakuu wapya kwa sikukuu ya Petro na Paulo, tarehe 29 Juni. "Hata wa kwetu Songea anaivaa," Sista akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa na fahari.

Kitu kingine alichonionyesha ni kalenda ya mashahidi ya mwaka 354, kwenye kitabu chake. Imeandikwa tarehe ile ile na barabara ile ile: Agnes, Nomentana.

Baada ya Misa tuliteremka kaburini. Nyuma ya kimia cha chuma kuna sanduku la fedha lililotolewa na Papa Paulo wa V mwaka 1615. "Humo hayuko peke yake," Sista akasema. Mapokeo yanamtaja Emerensiana, mtoto aliyenyonya ziwa moja na Agnes, aliyekuwa bado katekumeni, akijiandaa kubatizwa. Alikuja kulilia kaburi hili, wapagani wakampiga mawe hapa hapa. Hakuwa amepata maji ya ubatizo. Alibatizwa kwa damu yake. Sikukuu yake ni tarehe 23 Januari.

Nilipiga magoti nikawasalia wote wawili. Sasa, tukisali litania nyumbani, wanangu wakishamtaja Agnes humwongeza na Emerensiana.