Amri iliyoninufaisha

Kuna baba mmoja kule juu ya Kiwira ana miti arobaini ya parachichi za Hass. Mwaka 2024 nilifika kwake asubuhi kununua, maana kazi yangu ni kununua parachichi shambani, matope mpaka magotini, Rungwe mvua haina likizo, nikakuta kirikuu nyingine, gari dogo la mizigo kama langu, imeshapaki. Kijana wa Kenya, buti zake nzuri kuliko zangu, mzani wa kuning'iniza ameshaufunga kwenye tawi. Akataja 1,500 kwa kilo. Mimi moyoni nilikuwa na 1,200.

Baba hakusema kitu. Alinigeukia tu, akanitazama. Nikasema 1,550. Kijana akasema 1,600. Tulipofika 1,700 nikajitenga pembeni, nikampigia anayenipokea mzigo, akakubali kwa kununa, nikarudi nikauchukua. "Ndaga fijo, mwanangu," baba akaniambia, huku akimtazama yule kijana. Mpaka leo sijui shukrani ile ilikuwa ya nani.

Sasa njoo Julai 2025. Serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: saluni, ufundi simu, uwakala wa fedha kwa simu, kuongoza watalii na nyinginezo, na humo ndani kuna mstari unaonihusu mimi, kununua mazao shambani. Mgeni akikutwa, faini isiyopungua milioni 10 au kifungo hadi miezi sita. Mtanzania atakayemsaidia, milioni 5 au miezi mitatu. Kwenye kundi letu la wanunuzi watu walirushiana bendera siku nzima. Mmoja akaandika, "Sasa tutapumua." Nami niliweka dole gumba. Nisijifanye malaika.

Wiki chache baadaye nikapanda tena kwa baba. Hakuna kirikuu. Nikasema 1,200.

"Ndiyo bei ya mwisho hiyo?"

"Soko limeshuka, baba."

Soko halikuwa limeshuka. Anayenipokea mzigo alikuwa ananilipa kama mwaka uliotangulia. Aliyepungua ni mtu mmoja mwenye buti nzuri.

Redioni wanasema amri ile ni ya kuwalinda wazawa. Nauliza, mzawa yupi? Baba ni mzawa, babu yake amezikwa chini ya mgomba ninaoegemea nikipumzika. Mimi pia ni mzawa. Shilingi 500 za kila kilo zimetoka mfukoni kwa mzawa mmoja zikaingia kwa mwingine, na huyo aliyepata ndiye mwenye gari. Ingekuwa kodi, ingesomwa bungeni na watu wangeibishia. Hii imepita kimya kimya kwa sababu imevaa nguo ya uzalendo.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa. Wakenya wanachuma matunda machanga, na parachichi zetu zinapakiwa kwao, zikifika Ulaya zinahesabika zao. Ya kwanza ni kweli kwa baadhi yao, na ni kweli kwa baadhi yetu. Nimeona kwa macho Mtanzania mwenzangu akichuma tunda ambalo hata nguruwe angelikataa. Hilo likaguliwe kwenye tunda, maana pasipoti ya mchumaji haisemi kama tunda limekomaa. Ya pili inaniuma. Lakini dawa yake ni kuwa na vyumba vya ubaridi na kontena za kutosha hapa, ili anayefungashia nyumbani apate faida kuliko anayevusha. Kumfukuza mnunuzi hakujengi hata chumba kimoja cha ubaridi.

Na halafu tuna kusahau kwa ajabu. Machi mwaka huohuo Malawi ilizuia mchele, ndizi, tangawizi na unga kutoka nje, na sisi wa huku tulilia. Watu wa Kyela na Tukuyu walikuwa na mizigo isiyo na pa kwenda. Aprili serikali yetu ikajibu kwa kufungia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, hadi mwanzoni mwa Mei mambo yakalegezwa. Tulisema Wamalawi wanavunja ujirani. Haikupita miezi mitatu, tukawafanyia yaleyale Wakenya, ambao tuko nao kwenye Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010.

Ukaidi wangu katika haya haukutoka vitabuni. Kabla ya parachichi nilikuwa mtu wa mahindi, Mlowo, kule Mbozi. Mwaka 2017 nilikuwa nimekusanya magunia mia mbili na kitu kwa 52,000 gunia, nikiwatazamia wateja wa ng'ambo ya mpaka. Katikati ya mwaka likaja katazo la kupeleka mahindi nje. Sababu ilikuwa nzuri ukiisikia: kulikuwa na ukame, watu waliogopa njaa, chakula kibaki nyumbani. Kilibaki kweli. Kilibaki ghalani kwangu mpaka dumuzi wakaanza kukitoboa, ukiingiza mkono kwenye gunia unautoa mweupe wa unga kama umetoka kukanda maandazi. Niliuza kwa 27,000, na mwisho nilikuwa nambembeleza mwenye kuku. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu tuuze kiwanja.

Kiwanja ni cha kwangu, nilikubali hatari ya biashara. Linaloniudhi zaidi ni jirani aliyekuwa akilima ekari kumi, msimu uliofuata akalima nne. Hakugoma, hakuandamana. Alisoma bei akaelewa alichoambiwa. Mpwa wangu anayesoma uchumi Iringa ananiambia kuna mchumi wa Austria, Friedrich Hayek, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, alieleza jambo hilohilo: bei inabeba habari zilizotawanyika kwa watu wengi, habari ambazo hakuna ofisi inayoweza kuzikusanya zote. Nikamwambia ningekuwa na huyo mzee Mlowo tungepunguza hasara.

Mjomba wangu ndiye anayenibana kisawasawa. Yeye hunikumbusha kwamba nyumba ya bati tuliyozaliwa, Mbozi, ilijengwa kwa bei ya serikali. Ni kweli. Miaka ya 1970 mahindi yalikuwa na bei moja nchi nzima, na mbolea ya ruzuku juu yake, kwa hiyo mkulima wa Mbozi alilipwa kama aliye jirani na Dar es Salaam, ingawa kati yao kuna mlima Kitonga na siku nzima ya lori. Ndivyo nyanda za juu kusini zilivyogeuka ghala la mahindi. Soko huria lilipoingia, umbali ukarudi kwenye bei, na baba yangu aliuona. Sina jibu la kumnyamazisha mjomba. Ninachomwambia ni kwamba nauli ya kusafirisha magunia yale kuna mtu aliilipa, na kwamba baba alikuwa akikabidhi magunia mwezi wa saba, pesa akaiona baada ya Krismasi, na hakuwa na ruhusa ya kumpelekea mwingine. Mjomba hujibu, "Lakini bati lilipanda." Tunamalizia hapo, chai inapoa.

Wiki iliyopita baba wa Kiwira alinipigia. Matunda yamekomaa. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, kisha akasema, kama anayeuliza hali ya hewa, "Yule kijana wa Kenya, hukusikia kama atarudi?"

Nikamwambia sijasikia.

Kimya kidogo. Mvua ilikuwa inasikika kwenye simu yake.

"Haya, mwanangu. Utakuja na bei gani?"

Nikasema 1,250.