Kituo cha jamii Toronto: tulivyozoea na kuzoeleka

Tulipohamia Toronto na watoto nilidhani tutajuana na watu kupitia sherehe za kuwakaribisha wageni. Wapi! Unakula, unapigwa picha, unarudi nyumbani hujui jina la mtu hata mmoja. Kilichotufaa ni kuchagua kituo kimoja cha jamii, siku moja, saa ileile kila wiki, kisha kuomba kazi ya kufanya siku hiyo.

Usajili wa madarasa ya jiji hufunguliwa saa moja asubuhi, na kuogelea kwa watoto hujaa ndani ya dakika chache. Sisi tuliamka saa hiyo ndipo tukaanza kufungua akaunti, tukakosa. Akaunti ya familia ifunguliwe mapema, kila mtoto aingizwe na tarehe yake ya kuzaliwa, na namba za madarasa ziandikwe pembeni pamoja na darasa la akiba. Kipato kikiwa kidogo, omba Welcome Policy, ruzuku ya ada ya jiji. Majibu huchukua muda, usingoje wiki ya usajili. Vituo vingine programu zake ni bure. Bwawa la mtaa wa Regent Park, lililofunguliwa 2012, lina mapazia ya kuziba vioo wakati wa zamu ya wanawake, na kwa anayejistiri hilo si jambo dogo.

Madarasa ya Kiingereza ya LINC, mpango wa serikali ya Kanada kwa wahamiaji, ni bure kwa mkazi wa kudumu na aliyekwisha kupewa hifadhi. Anayesubiri kesi yake ya ukimbizi hayamhusu. Aulizie ya jimbo. Kabla ya darasa unapimwa kiwango. Uliza pia kama watoto wadogo hulelewa palepale, maana si kila mahali.

Kijana wa sekondari kituo kinamfaa zaidi ya anavyodhani: jimbo letu la Ontario halimpi cheti cha sekondari bila saa 40 za kujitolea. Apange viti, asaidie wadogo kazi za shule, ila fomu isainiwe siku ileile. Msimamizi akihama, saa za kijana zimepotea. Mtu mzima anayetaka kusimamia watoto ataombwa hati ya polisi, nayo haitoki kesho.

Mimi nilianzia jikoni. Kituoni kwetu zamu haianzi bila mtu mwenye cheti cha usalama wa chakula, basi nilijiunga na aliyekuwa nacho. Pilau ya watu 40 ni mchele kilo 5 na nyama kilo 4. Tatizo ni jiko la umeme: ukimimina vitunguu kilo 2 kwa mkupuo vinatoa maji, vinachemka badala ya kugeuka kahawia, na pilau inatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Kaanga kwa mafungu manne, feni ikiwa imewashwa, maana kengele ya moto ikilia jengo zima linatoka nje kwenye theluji. Mkaa wa kupalia hakuna. Maji yakikaribia kukauka hamishia kwenye trei za foili, funika, tia ovenini nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 30. Punje zinaachana vilevile.

Karanga na korosho ziache nyumbani. Bandika karatasi yenye viungo vyote, na kama nyama ni halali iandikwe. Halafu usiondoke na wageni: baki uoshe masufuria. Namba za simu za majirani nilizipatia pale kwenye sinki.